Alternata ya Tatu

Haya nitakayoyasimulia ni kweli tupu, kavu, isiyotiwa hata punje ya chumvi. Naapa kwa macho yangu mawili na kwa meno yaliyobaki, ambayo si haba. Mwenye kutaka kubisha abishe mwisho. Sasa hivi bado nasafisha koo.

Saa nne kasoro asubuhi, Mama Testa alishuka gatini akiwa na sanduku la bati mkono wa kulia na kigoda mkono wa kushoto. Mama huyu alikuwa mkaguzi wa vyombo vya majini kwa miaka ishirini na sita kabla ya kujiajiri, na jina lake la kuzaliwa watu walikwisha kulisahau. Lililobaki ni la ile testa ya kupimia umeme aliyoitundika shingoni kama wenzake walivyotundika miwani. Kigoda alikibeba kwa sababu hakuwahi kuona chumba cha injini chenye kiti, na hakuamini ushahidi uliokusanywa na mtu aliyechuchumaa. Magoti yakiuma, alikuwa akisema, macho hukubali lolote ili mwili uinuke.

Tajiri, mwenye boti, alimpokea na uso wa mtu aliyelamba ndimu. Boti yake ya abiria, ivushayo watu ng'ambo tangu alfajiri hadi saa tisa alasiri, ilikuwa imeua alternata tatu ndani ya wiki sita. Alternata ndiyo izungushwayo na injini ili kuchaji betri. Ikifa, betri nayo huisha pumzi, na boti hubaki bila pampu, bila taa, bila nguvu ya kuwasha. Zote tatu zilinunuliwa mpya dukani. Ya tatu ilikufa siku nne zilizopita, na tangu hapo boti huenda kwa betri iliyochajiwa nchi kavu usiku. Na Tajiri hakuhitaji testa kumjua muuaji: ni Fundi. Anazitoa zikiwa nzima, anaziuza, anafunga makopo yaliyopakwa rangi. Zipo tatu chini ya kitanda chake, kila mtu anajua.

"Kila mtu nani?" aliuliza Mama Testa.

"Mjini."

"Mjini pakubwa, Tajiri."

"Kwa kinyozi," akasema Tajiri, sauti ikishuka kidogo.

Hata hivyo, alikwisha amua. Ikifika saa kumi na moja jioni bila jibu jingine, Fundi atafikishwa polisi, na kazi ya miaka kumi na miwili itakuwa imekwisha. Fundi mwenyewe alisimama hapo hapo akifuta mikono kwa kitambaa ambacho kilikuwa kichafu kuliko mikono. Mama Testa alipomuuliza ana la kusema, akajibu kwamba alikwisha pima mpaka testa yake ikamchoka, na kwamba angefurahi kupimiwa na mwingine.

Wengine wa boti walikuwa wawili tu. Nahodha, mtu wa maneno machache na saa kubwa ya mkononi, ambaye angeweza kukaa siku nzima bila kutumia sentensi yenye kitenzi. Na mkata tiketi, mzee mmoja mstaafu, nadhifu, mcheshi, mwenye akili iliyozidi cheo chake, ambaye pia alikuwa baba mkwe wa Fundi. Huyo wakimwita Mzee Tiketi, na hata kwa mbali mtu angeona kuwa ni wa kuaminika.

Mama Testa aliweka kigoda kando ya injini, akakaa, akaanza kazi kwa kutofanya chochote. Alitazama. Mkanda unaozungusha alternata ulikuwa umekazwa sawa; alipoubonyeza kwa kidole gumba ulibonyea kidogo, ukarudi. Vichwa vya betri vilikuwa safi, vimepakwa grisi. Nyaya zilifungwa kwa mpangilio kama nywele zilizosukwa na mtu asiye na haraka. Fundi wa ovyo hafungi nyaya hivi, aliwaza. Mwizi naye hana muda.

Betri ilikuwa imechajiwa nchi kavu usiku kucha. Testa ilisoma volti kumi na mbili nukta sita. Akaagiza injini iwashwe. Alternata ikiwa hai, namba hupanda hadi kumi na nne hivi. Hii ilishuka: kumi na mbili nukta nne, kisha nukta tatu. Akahamisha ncha ya testa kutoka betri hadi kwenye alternata yenyewe, namba ikawa ile ile. Basi waya wa katikati hauna kosa. Akapima waya mwembamba unaopeleka umeme wa kuiamsha alternata, akaukuta unafika vizuri.

"Mgonjwa kaamshwa, kafunguliwa dirisha, kaletewa na chai," alimwambia Fundi. "Lakini haamki. Mfungue."

Fundi aliifungua bila kuuliza spana iko wapi. Ndani mna vidude sita viitwavyo daiodi, na kazi yao ni ya bawabu: umeme utoke, usirudi. Mama Testa aliwapima bawabu mmoja mmoja. Wanne walikuwa kazini. Wawili walikuwa wazi pande zote, wametobolewa. Hapakuwa na kutu, hapakuwa na unyevu, na mhimili ulizunguka laini kimya. Akaziomba zile mbili za mwanzo, na Fundi akazileta kutoka stoo, kila moja na tarehe ya kifo chake kwenye kipande cha karatasi. Kifo kile kile: bawabu wametobolewa, mengine yote mazima.

Tajiri, aliyekuwa ameinama mlangoni, alisema hayo ndiyo hasa makopo ya kubadilishia. Mama Testa akamwomba alete kadi za dhamana alizopewa dukani, ambazo alikuwa nazo mwenyewe kwenye droo yake, na azisome kwa sauti namba zilizoandikwa. Kila alternata ina namba iliyogongwa ubavuni. Tajiri alisoma ya kwanza kwa kishindo. Ya pili aliisoma taratibu. Ya tatu ilibidi aombwe aongeze sauti. Zote zililingana.

"Hazikubadilishwa," alisema Mama Testa.

"Basi anaziua."

"Ili apate nini?"

Tajiri akafikiri. "Ndiyo maana nimekuita wewe," akasema.

Kwa mpelelezi, hapo mambo yalikuwa yamegeuka. Asubuhi alikuwa anamtafuta mwizi. Sasa anatafuta mkono. Daiodi hazitoboki zenyewe mara tatu kwa namna moja. Alikalisha watu mmoja mmoja juu ya ndoo iliyopinduliwa, yeye juu ya kigoda chake, akauliza.

Nahodha alileta kitabu cha safari badala ya maneno. Kila siku aliandika injini imewashwa saa ngapi na kuzimwa saa ngapi, kwa saa yake ya mkononi, na chini yake hali ya hewa. Alternata zote tatu zilikufa siku za mvua. Tajiri aliirukia habari hiyo: Fundi husubiri mvua ili asingizie maji. Mama Testa alikumbusha kwamba ndani zilikuwa kavu kama biskuti. Mvua, akasema, haikuingia kwenye alternata. Imefanya kitu kingine.

Kisha akakaa Mzee Tiketi, na ndoo ikawa jukwaa. Alieleza kwa ufasaha mkubwa kwamba chini ya gati anaishi kambare mwenye umeme, mrefu kuliko makasia, anyonyaye betri kupitia propela. Yeye mwenyewe ujanani aliwahi kumshika mkia mmoja wa jamaa zake, na balbu ya nyumbani ikawaka mpaka asubuhi, mkewe akashona gauni zima. Mama Testa aliuliza gauni lilikuwa la rangi gani. La bluu, alijibu mzee bila kupepesa. Na kama si kambare, akaendelea, basi ni watu wa boti ya jirani. Amewaona wakinyemelea na koleo.

Hilo la boti ya jirani lilimlia Mama Testa saa nzima. Alikwenda, akauliza, akakagua kufuli la chumba cha injini. Kufuli halikuwa na mkwaruzo, na jirani mwenyewe alikuwa amelazwa na mguu wa kuvunjika tangu mwezi uliopita. Alirudi akiwa na jasho tu.

Adhuhuri alikwenda kwa kinyozi. Kinyozi alikataa kutaja mteja. Alisema tu kwamba habari ya alternata tatu za kitandani ilitoka kwa mtu wa karibu sana na Fundi mwenyewe, aliyeisema akiwa na povu la sabuni nusu ya uso. Kutoka hapo akaenda nyumbani kwa Fundi. Mkewe alifungua mlango nusu, akaona testa shingoni, akafungua wote. Bila kuombwa alivuta gunia chini ya kitanda akalimwaga sakafuni: vifuniko vya sufuria, viatu vya mtoto vilivyombana, na kichwa cha cherehani kisichoshona tangu kinunuliwe.

"Nani angesema mumeo ana alternata?" aliuliza Mama Testa.

Mwanamke alicheka, ijapokuwa macho yake yalikuwa yamevimba. "Maneno haya yana harufu ya baba yangu. Atakuwa alikuwa anamsifu mkwewe. Baba akimsifu mtu, mtu huyo hujuta."

Mama Testa alirudi botini akiwa amemwondoa Fundi kwenye wizi, lakini muuaji wa alternata bado hana uso. Ilikuwa saa saba na nusu. Alikaa tena kwenye kigoda, mbele ya dashibodi, akala embe moja kwa kisu, na macho yake yakatua kwenye kidirisha kidogo chenye tarakimu. Ni kihesabu kinachoonyesha injini imefanya kazi saa ngapi tangu ilipoundwa. Kilisoma 2461.

Akaomba kitabu cha Nahodha, kisha akaomba kadi ya gereji. Wiki sita zilizopita injini ilifungwa tabo mpya, ile feni inayoisukumia hewa, na mafundi wa gereji waliandika kihesabu kilisoma 2140. Tangu siku hiyo boti ilifanya kazi siku thelathini na sita, na kwa kitabu cha Nahodha injini ilinguruma kwa jumla saa 324. Mama Testa alijumlisha kwenye kiganja kwa kalamu. Ilipaswa kusoma 2464. Jumla ya saa tatu hazikuonekana.

"Nahodha," aliita, "saa yako inakimbia?"

"Haikimbii."

"Unaongeza muda kwenye kitabu?"

Nahodha alimtazama kwa namna ambayo mtu mwingine angeomba radhi. Mama Testa aliomba.

Muda wa saa tatu ni dakika mia na themanini. Ukizigawa kwa siku thelathini na sita ni dakika tano kila siku, bila salio. Alipiga kisu kwenye kokwa la embe. "Ni kitu gani mnakifanya kila siku kwa dakika tano, ambacho mlianza baada ya kufunga tabo?"

Nahodha alijibu kwa sentensi nzima, hata Tajiri na Fundi wakageuka kumsikiliza. "Gereji walisema tabo inataka kupoa, kwa hiyo tukishafunga kamba safari ya mwisho naiacha injini inanguruma polepole dakika tano, ndipo naizima."

Kihesabu kinatumia umeme. Injini ya dizeli haihitaji. Ikishawaka, hata ukiikatia umeme wote itaendelea kunguruma, na asiyetazama dashibodi hatajua. Kwa hiyo kila siku, dakika zile tano za kupoza, kuna mtu alikuwa akikata umeme wa boti nzima injini ikiwa inazunguka. Na hapo ndipo bawabu hufa. Alternata inayosukuma umeme kwenda kwenye betri ni kama mtu anayesukuma mlango; ukiondoa mlango ghafla, huanguka kifudifudi. Umeme ukikosa pa kwenda hupanda kwa kishindo na kuzitoboa daiodi. Siku za kiangazi alternata husukuma kidogo, huanguka, huinuka. Siku za mvua pampu hufanya kazi kutwa nzima, betri huwa na njaa, msukumo ni mkubwa, na anguko ni la kufa.

Hakumweleza yeyote. Alitoa sandukuni alternata yake ya mazoezi, iliyokwisha kufa mara mbili na kufufuliwa, akamwambia Fundi aifunge. Kisha akaomba boti ifanye safari moja, kwenda na kurudi, pampu imewashwa, taa zote zimewashwa, na kila mtu afanye kama afanyavyo siku zote, wala asijirekebishe. Tajiri alinung'unika juu ya mafuta. Akapanda hata hivyo.

Njiani testa ilikuwa imefungwa kwenye alternata, ikisoma kumi na nne nukta moja, imetulia. Ni testa ya kizamani kwa sura lakini ina kumbukumbu: namba ya juu kabisa iliyopita haiisahau. Mama Testa alikaa juu ya kigoda, akamweka Fundi mbele yake mahali ambapo mikono yake yote miwili ilionekana. Wakafika. Wakasikia kamba zikifungwa, miguu ya Nahodha ikitembea juu, injini ikishushwa hadi mnong'ono. Fundi alihesabu kwa midomo bila sauti. Alipofika tano, taa ilizimika.

Injini iliendelea kunguruma kana kwamba hakuna kilichotokea. Testa iliandika themanini na moja.

Mama Testa alipanda ngazi tatu kwa hatua moja, pamoja na umri wake wote. Nyuma ya kiti cha mkata tiketi kuna kisanduku, na ndani ya kisanduku kuna swichi kuu ya betri, yenye ufunguo mwekundu wa kuzungusha. Mkono ulikuwa bado juu yake.

"Mkono usiutoe," alisema.

Na hapa kalamu inagoma kuandika tena yule mzee nadhifu, mcheshi, wa kuaminika. Mkono ule ni huu huu ninaoandikia.

Nilifungua kinywa. Nilikuwa na kisa tayari, kizuri, chenye radi ndani yake. Mama Testa aliniinulia testa usawa wa macho, nikaisoma, na kisa kikarudi tumboni. Nikasema lililokuwepo. Miaka minane iliyopita tuliacha taa zikiwaka mpaka betri ikafa, na tangu siku hiyo abiria wa mwisho akishuka mimi huzima swichi kuu, na alfajiri huiwasha kabla wengine hawajafika. Hakuna aliyeniagiza. Nilijiona mlinzi wa betri, na nilitunza siri hiyo kwa sababu wema unaotangazwa hupungua. Zamani Nahodha alikuwa akizima injini papo hapo, mkono wangu ukafika baada yake bila madhara. Habari ya tabo na dakika tano sikuijua. Nahodha akasema nilielezwa, tena mara mbili, ila nilikuwa naongea.

"Na zile za kitandani?" aliuliza Tajiri.

Nikamwambia nilikuwa kwa kinyozi, wanamsifu mkwe wa mtu mwingine, nami sikutaka wangu abaki nyuma. Nikasema ana alternata tatu uvunguni, anaweza kuwasha taa za mtaa mzima akipenda. Walipenda. Nilidhani nimempa heshima.

Tajiri alikaa kwenye benchi la abiria akatazama viatu vyake. Baadaye alimwambia Fundi, bila kuzunguka, kwamba amemkosea, na kwamba kesho ni kazini kama kawaida. Fundi alipokea. Mama Testa alikuwa tayari anaandika ripoti gotini, akasema daiodi ni vitu vidogo, zinauzwa. Fundi akibadilisha zilizotoboka, alternata zote tatu zitafufuka, na hii ya nne pia, maana nayo sasa imekwenda na wenzake. Boti itakuwa na akiba kuliko boti yoyote majini.

Mimi nilimgeukia mkwe wangu nikamwambia ataje anachotaka, nitalipa. Hakunitazama usoni, tangu amuoe binti yangu hajawahi kunitazama usoni kwa jambo zito, ni mtu wa adabu.

"Baba, kwako mimi sina la kudai," alisema. "Ila mwanao leo ni siku ya tatu haendi sokoni. Anaogopa macho ya watu."

Saa kumi na nusu nilikuwa kwa kinyozi. Viti vyote vilikuwa vimejaa. Nikasema Fundi hana alternata hata moja nyumbani, hajaiba kitu, zote tatu nimeziua mimi kwa mkono wangu. Walicheka, wakasubiri sehemu inayofuata. Nikasema tena maneno yale yale, wakacheka kidogo. Mara ya tatu kinyozi alizima mashine, na hakuna aliyecheka. Ni ukimya ambao sijawahi kuupata kwa hadithi zangu bora.

Kutoka hapo nikapita kumchukua binti yangu. Alijifunga kitambaa kichwani, akachukua kikapu. Sokoni yeye akatangulia, mimi nyuma. Kwenye kila meza alichagua alichotaka bila haraka, na akisha kuchagua alisimama kando, na mimi nikasema yale yale. Wa vitunguu, wa mchele, wa kamba na sabuni. Miguu iliniuma, koo likakauka, na yeye hakuruka meza hata moja.

Meza ya saba, mama muuza nyanya alinisikiliza mpaka mwisho, akamgeukia binti yangu. "Huyu? Kweli?"

"Kweli," alisema binti yangu. "Leo anasema kweli. Nipimie na pilipili."

Tukasogea meza ya nane.